Sahani ikiwekwa tu mbele yangu kichefuchefu kinapanda. Miaka 22, kilo 50. Waliopitia hili naombeni msaada

Mwana_Nansio (mtoa mada)

Habari za jioni wanajukwaa.

Mimi ni kijana wa kiume, miaka 22, urefu sentimita 174, uzito kilo 50. Nimepima juzi kwenye mzani wa duka la dawa hapa Igoma, Mwanza, baada ya kuona mkanda unahitaji tundu jipya. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa na kilo 55.

Chakula kipo. Nakaa kwa dada na shemeji, na dada anajua kupika. Lakini sahani ikiwekwa mezani, hasa ugali ukiwa bado unafuka, mate yananijaa mdomoni, koo linabana, tumbo linageuka. Tonge la tatu au la nne linasimama kifuani, halishuki. Mara nyingine natoka nje kama mtu anayepokea simu, nasimama karibu na tangi la maji mpaka hali itulie. Nikirudi wenzangu wamenawa.

Asubuhi nakunywa chai ya rangi tu. Mchana niko Makoroboi, nauza kava na chaja za simu, nakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu, kopo moja au mawili. Kwa hiyo mlo wangu ni wa usiku, na usiku ndiyo vita.

Kinachoniumiza zaidi ni dada. Wiki iliyopita alilia, akaniuliza kama chakula chake nakidharau. Sikuwa na jibu. Nilipomwambia nasikia kichefuchefu akasema "hicho unakifuga mwenyewe". Shemeji hasemi kitu, ila namwona anavyoufuata mkono wangu ukienda kwenye bakuli la mboga. Mtaani wanasema nimekanyaga miwaya, yaani nina VVU. Nimepima mara mbili, mwezi wa tatu na wa sita, majibu yote hasi. Nimemwonyesha dada karatasi. Sasa mtaa mzima nitauonyeshaje?

Kuna aliyewahi kuwa hivi akiwa na umri kama wangu? Ulikulaje? Ulianzia wapi?

---

Mkerewe_wa_Kirumba

Pole sana mdogo wangu. Usiache uji. Hata kikombe kimoja.

---

Baba_Kapripoint

Nenda duka la dawa waambie wakupe zile za kunenepa. Unameza usiku moja, wiki mbili mashavu yamejaa. Shemeji yangu alitumia kabla ya harusi yake, watu hawakumtambua.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Baba_Kapripoint, najua umeshauri kwa nia njema, lakini naomba mtoa mada asifuate hilo. Mara nyingi zile dawa ni siproheptadini iliyochanganywa na deksamethasoni. Ya kwanza inalaza usingizi na kufungua hamu ya kula kwa muda. Ya pili ni steroidi. Inavimbisha uso kwa maji na mafuta, inapandisha sukari, inashusha kinga, na ukiitumia wiki kadhaa halafu ukaiacha ghafla mwili unaweza kuanguka, kwa sababu tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe zimekaa bila kazi. Yale mashavu watu wanayosifia mara nyingi hayana nyama ndani yake. Tena steroidi inaweza kuficha ugonjwa uliomkondesha mtu, ukaja kuonekana umeshakomaa.

Sasa mtoa mada. Mimi ni muuguzi, siwezi kukutibu kwa kuandika, ila nikwambie unachopaswa kwenda kukisema kwa daktari. Ukichukua kilo zako ukagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 16.5. Mtu mzima akiwa chini ya 18.5 anahesabiwa ana uzito pungufu. Kwa urefu wako mstari huo uko kwenye kilo 56. Na umepoteza kilo 5 bila kukusudia. Hilo pekee linatosha kumwona daktari, hata ungekuwa husikii kichefuchefu kabisa. Usiende ukasema "nimekonda" tu. Sema ulikuwa kilo ngapi, lini, na sasa ngapi.

Nitakuuliza maswali, jibu hapa au mjibu daktari:

Unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku, homa za jioni? Kifua kikuu kinakondesha na kinaondoa hamu ya kula, na kipimo chake ni bure. Una kiu sana na kukojoa sana? Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, mikono inatetemeka, joto linakusumbua kuliko wenzako? Choo kikoje? Unameza dawa gani za maumivu? Umekulia wapi, na uliogea wapi?

Hilo la mwisho usilipuuze. Jina lako linasema Nansio, kule Ukerewe, kisiwani.

Na kuna dalili ambazo ukiziona usisubiri uzi huu ujibu: kutapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami, kushindwa kubakiza hata maji, kuzimia ukisimama. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

---

Mtu_wa_Mabatini

Hivyo ni vidonda vya tumbo. Kanunue dawa zake, zipo za boksi.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Inawezekana ndugu yangu, lakini apime kwanza. Kipimo cha H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, kinachoaminika kinatumia choo, au pumzi kwa wanaokiweza. Kile cha damu kinaweza kusema ndiyo hata kwa mtu aliyepona zamani. Akianza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, leo kisha akapime kesho, choo kinaweza kudanganya kikasema hana. Inatakiwa awe ameacha omeprazoli wiki mbili na antibayotiki wiki nne.

---

MamaWawili_Buhongwa

Mwanangu, nimesoma pale uliposimama karibu na tangi la maji nikaacha nilichokuwa nafanya.

Mimi nilisimama nyuma ya bweni. Nilikuwa na miaka 20, mwaka wa kwanza chuoni, baba yangu alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Nilikuwa mwembamba kiasi kwamba nikikaa kwenye benchi la darasani mifupa inauma, nilikuwa nakunja kanga nakalia. Vipimo vyangu vyote vilikuwa safi. Daktari mmoja mama mtu mzima ndiye aliyeniuliza "unaogopa nini ukikaa mezani?" Nikalia pale pale. Nilikuwa naogopa kutapika mbele ya watu. Nikiogopa, tumbo linajifunga. Likijifunga, kichefuchefu kinakuja kweli, si cha kuigiza. Kwa hiyo wasikwambie unakifuga. Kichefuchefu cha hofu ni kichefuchefu kamili, kinatoka mwilini kama kile cha malaria.

Alichonifundisha ni hiki, na nimekiona kwa macho yangu: tumbo tupu nalo linaleta kichefuchefu. Ukishinda na chai ya rangi mpaka saa mbili usiku, ukikaa mezani umeshachelewa. Na tumbo lililozoea vidogo linachelewa kusukuma chakula kwenda chini, ndiyo maana tonge la nne linasimama. Ukililetea mlima linakataa. Kijiko hapa, kijiko pale, linakubali.

Sasa nikwambie nilivyokula.

Niliacha kuita "mlo". Niliweka kengele ya simu kila baada ya saa mbili na nusu, ikilia nakula kitu, hata kiwe kidogo kama kiganja. Asubuhi kabla sijanyanyuka kitandani nilitafuna mkate mkavu, vipande viwili, nikakaa dakika kumi ndipo nikainuka. Chai baadaye. Maji sikunywa kabla ya kula wala katikati, yanajaza nafasi bure. Nilikunywa katikati ya kengele na kengele.

Chakula cha moto kinanukia. Cha baridi hakina nguvu hiyo. Wewe umekulia kwenye neema usiyoiona: matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa! Yamepoa, yako mfukoni kwenye kifuko, hayanuki kitu, unauma kidogo unarudisha. Changanya na karanga. Gramu 100 za karanga zina takribani kalori 570, hizo ni kama konzi tatu unazotafuna taratibu pale kibandani kwako Makoroboi bila mtu kukuhesabia. Michembe, vile viazi vilivyokaushwa vibichi, ya kuchemsha na karanga za kusaga, uiache ipoe. Parachichi na chumvi. Maziwa mgando, ila jaribu kidogo kwanza, kuna wanaoumwa tumbo kwa maziwa. Uji wa ulezi ulioungwa kwa karanga, usiwe mzito sana, unywe kwa kikombe chenye mfuniko ili harufu isikupige. Kwenye mchuzi wako ongeza kijiko cha mafuta: kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120 na huoni tofauti kwenye sahani.

Dada akikaanga dagaa, wewe usiwe ndani. Nenda nje, nenda kibarazani, rudi harufu ikishatoka. Usione haya. Mimi nilikuwa nabeba ndimu, nakwaruza ganda kwa ukucha na kunusa. Tangawizi kwenye maji ya vuguvugu ilinisaidia pia, lakini si ukiwa na tumbo tupu, inachoma.

Na hili hakuna aliyeniambia, nalisema kwa uchungu: siku kichefuchefu kimekushika, usijilazimishe chakula unachokipenda. Mimi nilijilazimisha sato wa kuchoma kwa sababu ndiyo nilikuwa nampenda kuliko vyote, nikatapika. Ni miaka kumi na moja, sato simli. Watoto wangu wanamla, mimi natazama. Siku mbaya kula kitu usichokijali, mkate, viazi, wali mweupe. Vinavyopendwa viwekee siku nzuri.

Mzani mara moja kwa wiki, siku ile ile, nguo zile zile. Ukipima kila siku utaumia bure.

---

Mwana_Nansio

Mama, nimesoma mara tatu. Asante. Wabeja sana.

Nesi, najibu. Sikohoi. Jasho hapana. Kiu ya kawaida. Choo huwa kinalegea, mara chache nimeona damu kidogo nikadhani ni pilipili. Dawa za maumivu ndiyo, nameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, kibanda hakina kiti cha kuegemea. Mara nyingi nameza asubuhi na ile chai. Na nimekulia Ukerewe. Tuliogelea ziwani kila siku, tulifua humo, tulichota humo. Shuleni tulipewa vidonge vya kichocho, mara ya mwisho nilikuwa darasa la sita.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hayo ya damu. Nimeandika hapa kwa sababu hamnioni.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Umefanya vizuri sana kusema.

Diklofenaki kwenye tumbo tupu, iache leo. Inachubua ukuta wa tumbo. Mgongo mwambie daktari atakupa njia nyingine. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo viache, vina kafeini inayozima njaa, na kwako njaa ndiyo tunaitafuta.

Kichocho cha tumbo ni cha watu wa ziwani. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na utumbo, mayai yanatokea kwenye choo, mengine yanakwama kwenye ini. Baada ya miaka ini na bandama vinaweza kuvimba, na bandama likivimba linalibana tumbo, mtu anashiba kwa matonge matatu. Sisemi unacho. Nasema mwambie daktari ulikokulia, maana mtu aliyezoea wagonjwa wa mjini anaweza asiulize.

Na mengine kwa wote wanaosoma: mtu aliyekaa siku nyingi bila kula karibu chochote msimshindilie chakula ghafla kwa huruma. Fosfeti, potasiamu na magnesi kwenye damu vinaweza kushuka haraka na moyo ukayumba. Mtu wa namna hiyo aanzishwe chakula chini ya uangalizi hospitalini.

---

Dada_Mkubwa_Nyegezi

Naandika kwa upande wa dada yako, maana na mimi nina mdogo wangu wa kike alikuwa hivi.

Sisi wapishi tunaumia kweli. Ukisonga ugali, ukampa mtu nyama ya mkia wa sangara uliyomtengea, akala matonge mawili akasukuma sahani, unahisi amekusukuma wewe. Nilimsema sana mdogo wangu. Nilimsema mbele ya wageni. "Kula wewe kimbaumbau." Nilidhani namsaidia. Siku moja nilimkuta jikoni saa tano usiku, amekaa gizani anakula kiporo cha wali kwa mkono, taratibu, peke yake. Alikuwa anaweza kula. Alikuwa hawezi kula akitazamwa.

Toka siku hiyo nilinyamaza. Nilianza kumwekea bakuli dogo lenye mfuniko kwenye kabati na simwambii kitu. Likirudi tupu naosha. Likirudi na chakula naosha.

Mwonyeshe dada yako ujumbe huu. Mwambie umetoka kwa dada mwenzake.

---

Mtu_wa_Mabatini

Nimejifunza. Mtoa mada ulete mrejesho.

---

Mwana_Nansio

MREJESHO (wiki ya tatu)

Samahani kwa kukaa kimya. Sehemu ya kwanza niliyokwenda nilitoka na vidonge bila kuulizwa swali wala kupimwa chochote. Nilikata tamaa siku mbili. Dada ndiye aliyenisukuma, alikuwa amesoma ujumbe wa Dada_Mkubwa. Hakusema chochote, alikaa na simu yangu muda mrefu, kisha akasema "kesho tunaenda hospitali ya Sekou Toure, mimi na wewe".

Daktari wa pale aliniuliza nilikokulia kabla sijasema. Alinibonyeza tumbo, akapima damu, choo, sukari, tezi ya shingo, picha ya kifua. Damu imepungua kiasi. Kwenye choo wamekuta mayai ya kichocho, na H. pylori pia ipo. Ultrasaundi inaonyesha bandama limekua kidogo, ini bado liko vizuri. Niliposikia "ini bado liko vizuri" dada alinishika mkono.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, wanahesabu kwa kilo: nilimeza vidonge vitatu na nusu vya miligramu 600 kwa mara moja. Inatakiwa umeze umeshakula. Nililazimika kula wali mweupe kwanza, nusu bakuli, dada akiwa amegeukia ukutani makusudi. Kizunguzungu na kichefuchefu vilinishika mpaka jioni, halafu vikaisha. Sasa niko kwenye dawa za H. pylori za siku 14. Mdomo una uchungu kama nimelamba sarafu. Leo ni siku ya tisa. Kuna siku sikutaka kuendelea.

Uzito: 50.3. Najua si kitu.

---

MamaWawili_Buhongwa

Ni kitu! Kwenye wiki za antibayotiki kutoshuka ni kitu kikubwa sana. Huo uchungu wa mdomo unatoka na dawa ikiisha. Nyonya ganda la ndimu. Malizia zote 14, ukikatisha bakteria wanabaki wamezoea dawa.

---

Mkerewe_wa_Kirumba

Na kengele ya simu unaifuata?

---

Mwana_Nansio

Naifuata. Wateja wameizoea. Kuna mama anauza mitumba jirani, ikilia ananiambia "baba, kula".

---

Mwana_Nansio

MREJESHO WA PILI (wiki ya kumi na moja)

Kilo 53.4.

Sijapona moja kwa moja na sitaki mtu asome hapa adhani ni vidonge tu. Baada ya dawa, kile kichefuchefu cha asubuhi kilikwisha kabisa, na choo kimetulia. Lakini cha usiku kilibaki. Ndipo nikamwelewa mama. Miezi yote ile ya kukaa mezani nikisubiri kutapika, mwili ulishajifunza. Nikiona sufuria ya ugali inafunuliwa, koo linabana lenyewe hata kama sina njaa wala ugonjwa. Nilimweleza daktari, akanipangia kuonana na mshauri wa saikolojia pale pale. Nimekwenda mara tatu. Tunafanya mambo madogo: kukaa mezani bila kula, kisha kukaa na kula kitu kimoja, kisha na shemeji akiwepo.

Jumapili iliyopita nimekula nao kwenye sinia moja. Ugali wa muhogo, furu wa mchuzi. Matonge saba. Shemeji alikuwa anaongelea mpira muda wote, hakuangalia mkono wangu hata mara moja. Baadaye dada aliniambia alimwomba afanye hivyo.

Choo kitarudiwa mwezi ujao kuhakikisha H. pylori imekwisha. Damu imepanda.

Jumamosi napanda kivuko kwenda Nansio kumwona mama, sijamwona mwaka mzima na amesikia nimekonda. Najua atanipakulia mlima. Nimwambieje bila kumuumiza?

---

Dada_Mkubwa_Nyegezi

Fika na bakuli lako. Mwambie "mama, nipakulie humu, na uniongeze mara nyingi". Mama akisikia "uniongeze" hawezi kuumia.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Na mimi nina ombi. Prazikwanteli imeua minyoo iliyokuwamo, haikuwekei ukuta. Ukiingia ziwani kichocho kinaingia tena kupitia ngozi, dakika chache zinatosha. Usiogelee, usifulie majini. Kama nyumbani wanatumia maji ya ziwa, yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko yakae siku mbili kabla ya kuoga, vijidudu vya kichocho vinakuwa vimekufa. Ya kunywa yachemshwe. Na mama naye apime.

---

Mwana_Nansio

Sawa nesi. Nimempigia mama sasa hivi. Amesema pipa amelijaza tangu asubuhi.